Namba ya Marehemu Sehlabaka

Simu ililia saa nne asubuhi, Seabata Ralitapole akiwa anafuta vumbi kwenye kioo cha kompyuta kwa pindo la blanketi lake. Aliyepiga alikuwa askari wa kizuizi cha darajani, chini bondeni, mahali ambapo hakuna kondoo anayevuka bila kujulikana mwenyewe.

“Ntate Seabata,” alisema, kwa heshima ya kumwita mtu baba, “nisomee themanini na nane ni nani.”

Vidole vyake vilifika kabla swali halijaisha. Alipenda sana kuulizwa hivyo. Zamani, enzi ya daftari, askari angesubiri hadi simu yake iishiwe chaji.

“Tankiso Mokhele.”

“Huyo si yuko migodini, Afrika Kusini?”

“Yuko huko. Alirudi kazini mwezi uliopita.”

“Ahaa!” askari akasema, kama mtu aliyeokota kitu. Simu ikakatika.

Seabata akaendelea kufuta vumbi. Hakuuliza ni nini kilichotokea darajani, wala ni nani aliyesimamishwa. Aliulizwa namba, akatoa jina, na kwa maoni yake kazi yenyewe ndiyo hiyo.

Alikuwa na miaka arobaini na tisa. Kumi na minne kati ya hiyo aliimaliza kwenye ghala la mgodi wa dhahabu, akipokea na kutoa taa, mikanda na viatu, na huko kila mtu aliitwa kwa namba, yeye mwenyewe akiwemo, naye hakuona ubaya wowote. Mgodi ulipopunguza watu alirudi milimani na mambo mawili: kikohozi, na ujuzi wa kompyuta ambao hakuna mwingine aliyekuwa nao kuanzia darajani hadi malisho ya juu. Chama cha wafugaji kilipopewa kompyuta kuukuu na shirika moja la wahisani, hakuna aliyebishana nani aikalie.

Mwanzoni aliandika kama daftari lilivyoandikwa: kila kondoo mstari wake, na kwenye kila mstari jina zima la mwenyewe. Kondoo elfu tisa. Mashine ikawa inahema. Ukibonyeza leo, unaenda kunywa chai, unarudi bado inafikiri. Na majina yenyewe yalikuwa vurugu tupu. Mwanamke akiolewa, wakwe humpa jina jipya, kwa hiyo alikuwa na kondoo wa jina la usichana na wa jina la ndoa kama watu wawili. Mwanamume naye ana jina alilotoka nalo jandoni. Mjukuu hupewa jina la babu, na wote wawili wana kondoo. Kulikuwa na akina Mokhachane wanne, na mmoja alikuwa ameandikwa kwa namna tatu.

Ndipo Seabata akafanya jambo lililomfanya asifiwe hadi wilayani. Akatengeneza orodha ndogo pembeni: kila mfugaji jina mara moja tu, na mbele ya jina namba. Kwenye mistari ile elfu tisa akafuta majina yote, akabakiza namba. Namba hiyohiyo ikachapwa kwa wino kwenye sikio la kondoo. Mashine ikapumua. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kubana matumizi, akachagua kuhifadhi namba hizo katika kile kipimo kidogo kuliko vyote cha kumbukumbu ya kompyuta, ambacho hakipokei zaidi ya mia mbili hamsini na tano. Wafugaji walikuwa mia moja na tisini. Nafasi ilitosha na kubaki.

Haikubaki muda mrefu. Mwezi wa tisa alikuja Tankiso Mokhele, kijana wa likizo, mwenye kondoo kumi na mmoja aliowanunua kwa jasho la mgodini, akitaka wachapwe kabla hajarudi kazini. Mashine ikakataa. Orodha ilikuwa imejaa tangu mwaka uliopita.

Dawa ilijulikana: kuifungua rejista nzima na kuipanua safu ya namba. Kazi ya siku tatu, na kamati ya chama ingeuliza kwa nini. Na Seabata alishawaambia, mbele ya mgeni wa wilaya, kwamba rejista yake haitaguswa tena kwa miaka ishirini. Akatazama orodha. Namba 88: Sehlabaka Letuka, aliyezikwa wakati wa theluji. Akajiambia, jina la babu hupewa mjukuu na hakuna anayelalamika; namba ni nini basi? Alishafanya hivyo mara tano kwa marehemu wengine, na hakuna aliyelia. Akafuta “Sehlabaka Letuka”, akaandika “Tankiso Mokhele”.

Kondoo arobaini wa Sehlabaka walibaki ndani ya mashine kama walivyokuwa, kila mmoja na 88 yake. Hakuwakumbuka.

Askari walimleta mshukiwa saa nane mchana. Mbele kondoo ishirini na watatu, ulimi nje kwa kiu, kisha askari wawili juu ya farasi, kisha Phoka, mchungaji wa makamo aliyeajiriwa na nyumba ya Sehlabaka, mikono imefungwa. Nyuma yao wote, mbali kidogo, alitembea 'M'e MaMotlalepula, mama mtu mzima, mjane wa Sehlabaka, katika nguo zake nyeusi za msiba. Mjane aliyevaa nguo hizo hasogelei zizi wala hapiti katikati ya mifugo, ndiyo maana alikuwa amefuata kundi lake mwenyewe kwa mbali tangu alfajiri, akilipeleka kwa binti yake bondeni ambako nyasi zilikuwa zimeota mapema.

Seabata alimwona kupitia dirisha la ofisi. Kwanza aliona nguo nyeusi. Kisha akakumbuka “themanini na nane”. Ndipo akawakumbuka kondoo wa Sehlabaka.

Uwanja wa chifu ulijaa upesi. Chifu MaLetlatsa, mama mnene asiyependa maneno mengi, alikaa kwenye kiti chake, na wanaume wakachuchumaa na mablanketi yao ukutani. Tankiso alipigiwa simu mara tatu. Hakupatikana, yuko chini ya ardhi mgodini. Akaulizwa mama yake.

“Mimi sijui ya wanaume,” mama Tankiso alisema. “Marehemu baba yake alikuwa na mifugo mingi, alifugisha kwa watu. Kwa nani na nani, hakuniambia.”

Hapo minong'ono ikaanza, maana kila mtu pale aliielewa desturi hiyo. Mwenye mifugo mingi humpa mwenzake kondoo awafuge. Mfugaji hunufaika kwa sufu na kwa heshima ya zizi lililojaa, lakini kondoo si wake, ni wa mwenyewe siku zote.

“Kumbe!” akasema mmoja ukutani. “Sehlabaka na zizi lake lote lile, kumbe alikuwa mlezi!”

“Ndiyo maana hakuwahi kuchinja hata mmoja,” mwingine akaitikia. “Ungechinja wa mtu?”

Wakacheka. Shemeji wa mjane, Lebuajoang, mdogo wa marehemu, alikaa akitazama ncha za viatu vyake.

“Sehlabaka aliwazalisha kondoo hawa kwa mkono wake,” MaMotlalepula alisema. Hakupaza sauti. “Aliwajua kwa nyuso.”

“Nyuso si ushahidi, 'M'e,” askari akamjibu. “Sikio ndilo ushahidi. Sikio linasema themanini na nane.”

Chifu akageuka. “Ntate Seabata. Rejista yako inasemaje?”

Kila mtu akamtazama. Palikuwa na nafasi ya kusema. Baadaye aliipima nafasi ile mara nyingi, akaona ilikuwa pana kama mlango wa zizi. Sentensi moja ingetosha. Lakini alimwona mwenyekiti wa chama amekaa pale, akakumbuka miaka ishirini aliyoiahidi, na mdomo wake ukatoa kitu kingine.

“Rejista inasema themanini na nane ni Tankiso Mokhele, Morena.”

“Una hakika?”

“Ndivyo rejista inavyosema.”

MaMotlalepula alimtazama. Hakuwa na hasira usoni. Alikuwa anashangaa tu, kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo ambalo mumewe huenda aliwahi kumficha. Seabata aliona kwamba mwanamke yule, kwa kitambo kidogo, alikuwa ameanza kuamini.

Chifu akaamua kondoo wafungiwe kwenye zizi la mifugo iliyozuiwa mpaka Tankiso apatikane. Phoka afunguliwe, lakini asitoke kijijini. Mjane aende nyumbani.

Mke wa Seabata, MaKhauhelo, alikuwa anasonga papa, ugali wa mahindi, alipoingia. Habari zilishamfikia, majirani walizileta zikiwa bado moto.

“Ati Sehlabaka alikuwa mlezi wa kondoo,” alisema. “Yule aliyekuwa akitembea kifua mbele kama ana benki! Haya, wanaume, hamwishi mambo.”

Seabata akakaa. “Hakuwa mlezi.”

“Nini?”

“Kondoo ni wake. Nilimpa Tankiso namba yake. Orodha ilijaa, nikachukua ya marehemu.”

Mwiko ukasimama ndani ya sufuria.

“Kabla mjane hajavua nguo nyeusi? Kabla mifugo haijagawiwa?”

“Sikufikiria mifugo. Nilifikiria namba.”

“Na leo pale uwanjani, ulipoulizwa, ulisemaje?”

“Nilisema ndivyo rejista inavyosema.”

MaKhauhelo akamwangalia, kisha akaanza kusonga tena, polepole sana. “Kwa hiyo iliyosema ni rejista,” akasema. “Wewe hukuwepo.”

Alimpakulia papa na mboga kama siku zote, akampa kijiko, akatoka kuanua nguo. Seabata hakula.

Asubuhi alifungua ofisi mapema kuliko kawaida, na aibu yake ya pili ilianzia hapo, maana hakwenda kuungama. Alikwenda kurekebisha kimyakimya. Aliwaza hivi: atapanua safu, atampa Tankiso namba mpya, atamrudishia Sehlabaka yake, kisha atakwenda kwa chifu na kusema mashine iliteleza ila sasa imepona. Mashine haina uso. Wacha ibebe yenyewe lawama.

Safu aliipanua, na kazi aliyoiogopa kuwa ya siku tatu ilikwisha kabla ya saa sita. Akampa Tankiso namba 256. Kisha akaiambia mashine imwonyeshe kondoo wote wa 88.

Mistari hamsini na miwili ikashuka kwenye kioo. 88, 88, 88, hadi chini. Jike, dume, jike, jike. Kondoo wa Sehlabaka walikuwemo na wa Tankiso walikuwemo, na hapakuwa na alama yoyote ya kuwatenganisha. Jina alishalifuta. Tarehe ya kuandikishwa ndiyo ingemwokoa, lakini safu ya tarehe aliiondoa mwaka juzi, kubana nafasi. Daftari la zamani alilitolea kurasa za kuwashia jiko la ofisi. Na waliobaki malisho ya juu, wale ambao hawakushikwa darajani, walikuwa wanakula pamoja na wa Tankiso katika kundi moja, masikio yao yote yakisema jambo moja.

Alikaa akitazama. Ujanja wake wote na mashine yake visingeweza kumwambia yupi ni wa nani. Aliyeweza ni mtu mmoja tu, mjane, na Seabata alikuwa amemwacha ashukiwe wizi mbele ya watu.

Alimkuta nje ya zizi la mifugo iliyozuiwa. MaMotlalepula alikuwa amekaa juu ya jiwe, hatua kumi kutoka ukutani, umbali unaomfaa mwenye nguo zile. Alikuwa amemlipa mlinzi wa zizi kwa soksi za sufu alizofuma mwenyewe, ili awanyweshe kondoo maji mara mbili badala ya mara moja. Mlinzi, mzee mmoja asiye na meno ya mbele, alikuwa mlangoni anavuta kiko.

“Salama, 'M'e.”

“Salama, Ntate. Umetumwa?”

“Sikutumwa.” Akavua kofia. Akaivaa. Akaivua tena. “Kondoo hawa ni wenu.”

“Najua.”

“Namba ya Ntate Sehlabaka nilimpa mtu mwingine. Mimi. Hakufugishwa na mtu. Nilijua jana pale uwanjani, nikanyamaza.”

Alishika pindo la shali yake nyeusi akaanza kulikunja, likawa dogo, akalikunjua.

“Jana nilifika nyumbani,” akasema, “nikamwuliza. Nilisimama pale kwenye blanketi lake nikamwuliza, Sehlabaka, kweli? Miaka ishirini na sita unanificha? Nilimtukana, Ntate Seabata. Mume wangu aliyekufa nilimtukana kwa ajili yako.”

“'M'e, nisa…”

“Usiniombe mimi. Mimi nipo, naweza kujitetea. Nenda kaseme pale walipomcheka. Maneno hayahaya. Usiongeze mashine.”

“Usiongeze mashine!” mlinzi akarudia mlangoni, akatoa kiko mdomoni ili acheke vizuri.

Uwanja ulijaa tena mchana ule, zaidi ya jana. Seabata alisimama mahali ambapo Phoka alisimamishwa. Alisema yote: orodha ilivyojaa, alivyotwaa namba ya marehemu kabla msiba haujaondolewa, alivyoulizwa na askari, alivyoulizwa na chifu. Neno “nikanyamaza” alilisema mara mbili.

Kisha mtu mmoja ukutani akauliza, taratibu, “Ntate Seabata, ulisema ulifanya hivyo mara ngapi?”

“Sita. Pamoja na hii.”

“Basi mimi wa mia na moja, namba yangu ilikuwa ya marehemu gani?”

“Yako ni yako, Ntate, tangu mwanzo.”

“Na mimi wa thelathini na tisa?” mzee mwingine akadakia.

Seabata akamgeukia. “Yako… ilikuwa ya Ntate Khoarai.”

Uwanja ukalipuka. Khoarai na huyu wa thelathini na tisa hawakusalimiana kwa miaka kumi na minane, na Khoarai alikufa bado hawajasalimiana.

“Khoarai!” mzee akapiga kelele, akijishika masikio kana kwamba yeye ndiye aliyechapwa. “Nimetembea na Khoarai mwaka mzima!”

“Amekurithisha kisukari chake au bado?” mtu akamtania.

“Seabata, mimi nikifa, utanigawa siku ngapi baada ya mazishi? Niambie nijipange!”

Hata askari alicheka. Mtu mmoja tu hakucheka, naye alikuwa amekaa nje ya uwanja, peke yake, mwenye nguo nyeusi. Lebuajoang, shemeji, alisimama, akaondoka ukutani, akaenda kukaa chini karibu naye.

Chifu aliposikia vya kutosha aliinua mkono. Kondoo warudi kwa mjane. Seabata atatoa kondoo wake mmoja achinjwe kwa Sehlabaka, kufuta yaliyosemwa juu ya marehemu. Wale wa malisho ya juu washushwe, watenganishwe mbele ya watu.

“Na kazi, Morena,” Seabata akasema, “naomba nivuliwe.”

“Nani mwingine anaijua mashine ile?”

Chifu akawapitia watu kwa macho, mmoja baada ya mwingine.

“Basi utakaa nayo,” chifu akasema. “Kukimbia ndiyo rahisi.”

Siku mbili baadaye kondoo wote hamsini na wawili walikuwa ndani ya zizi, na MaMotlalepula juu ya jiwe lake, nje. Hakuweza kuingia, kwa hiyo Seabata ndiye aliyeingia. Alimshika kondoo mmojammoja, akamkokota hadi ukutani, akauinua uso wake juu ya mawe ili mjane auone. Samadi ilimfika magotini. Mama Tankiso alisimama upande wa pili na mwavuli wake.

“Wetu,” MaMotlalepula alisema. “Huyo alizaliwa mguu mbele.”

Mwingine.

“Wetu. Mama yake alikufa kwa radi.”

Mwingine, dume zuri, nene, pembe zimejikunja mara mbili.

“Si wetu.”

“Tazama vizuri, 'M'e,” Phoka akamnong'oneza. “Dume hilo!”

“Nimetazama. Si wetu.”

Na mama Tankiso akaitikia, “Wetu huyo, asante, 'M'e.”

Ikaenda hivyo hadi jua likageuka. Arobaini wakatoka kwa mlango mmoja, kumi na mmoja kwa mwingine. Seabata aliwaandika kwenye karatasi, kisha akageuka, akaona bado kuna mmoja. Jike dogo, sikio jeusi, limesimama katikati ya zizi tupu linacheua. Akaliinua juu ya ukuta.

“Si wetu,” MaMotlalepula alisema.

“Wala si wetu,” alisema mama Tankiso.

Akaligeuza sikio. Wino ulikuwa wazi kabisa: 88. Mkono uliochapa ulikuwa wake.

“Basi ni wa nani?” mlinzi akauliza.

Seabata hakujua. Huenda alikosea namba mwaka huu, huenda mwaka juzi. Mahali fulani kijijini palikuwa na mtu aliyepungukiwa kondoo, aliyedhani ameibiwa, pengine aliyemshuku jirani yake kwa miezi. Mashine haikujua. Hakuna mtu wa kumpigia simu.

MaMotlalepula akainuka, akakung'uta nguo yake. Kwa desturi ya msiba ilimpasa awe ndani kabla jua halijazama. Alipompita ukutani alisimama kidogo.

“Kuna kamba pale,” akasema, “kwenye mlango.”

Seabata akaichukua. Akamfunga kondoo shingoni, akatoka naye zizini, suruali ikinuka, akashika njia ya kupanda kijijini. Nyumba zilikuwa sitini na kitu upande huu wa kijito, na watu walikuwa wamekaa nje wakiota jua la mwisho. Walimwona tangu mbali. Mtu akapiga mluzi. Mtu akaita mwenzake aje atazame.

Kwenye nyumba ya kwanza alivua kofia.

“Hodi,” akasema. “Naomba mnitazamie uso wa kondoo huyu.”